Nyumba Hii Inauzwa

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Tabata, Dar es Salaam, kuhusu kuuza na kununua nyumba pale soko linapolala, yaani wanunuzi wanapokuwa wachache. Wengi hamkuweza kufika na mmeomba niiweke yote. Nimeacha ile michoro ya ukutani; mengine yako kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu. Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nianze na rangi ya ukutani. Nani hapa hajawahi kuona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda, NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI? Mji mzima tumekua na maandishi hayo. Soko lilipokuwa la moto mtu alisafiri kwenda kuzika kwao, akirudi anakuta mgeni getini na mkataba mkononi. Basi tukajifunza kuandika kuta.

Sasa niwaulize: mmewahi kuona ukuta mmoja unasema mambo mawili? Mimi nimeuona, Segerea, mwaka 2017. Mwenye nyumba alikuwa amepaka chokaa juu ya neno HAIUZWI, akaandika juu yake INAUZWA. Ila chokaa ilikuwa nyepesi. Mvua mbili tatu, neno la zamani likajitokeza chini ya jipya. Ukipita pale unasoma nyumba inauzwa, na haiuzwi, na ogopa matapeli, vyote kwa pamoja.

Niliitwa kuithamini nyumba ile. Nikakaa na mzee sebuleni, nikanywa chai yake, na baada ya nusu saa nikaelewa kwamba ukuta haukuwa umekosea. Hata mzee mwenyewe alikuwa hajaamua.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kuuza na kununua nyumba pale soko linapolala. Mimi ni mthamini wa majengo, kazi hii naifanya mwaka wa ishirini na mbili sasa, na soko lililolala nimeliona kwa macho. Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka "vyuma vimekaza", tulivyokuwa tunaiita ile hali ya fedha kuadimika?

Tukumbushane kidogo ilikujaje, maana vijana hapa mlikuwa shule. Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za taasisi zake zitoke benki za biashara ziende Benki Kuu. Semina zikakatwa, safari zikakatwa, posho zikakatwa. Wakandarasi waliokuwa wanadai wakaendelea kudai. Julai mwaka huohuo Rais Magufuli akatangaza serikali inahamia Dodoma. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, kwenye mabenki ikavuka asilimia 10 ya mikopo yote, na Januari 2018 Benki Kuu ikafunga benki 5 ndogo kwa mpigo.

Mimi sisimami hapa kusema lipi katika hayo lilikuwa sahihi na lipi halikuwa. Nasema tu jinsi yalivyofika sebuleni kwetu. Mji huu, fedha nyingi ya kujenga nyumba ilikuwa inatoka kwenye posho, tenda na biashara inayotegemea tenda. Chemchemi ilipopungua, watu waliokuwa wanatafuta nyumba wakawa wanatafuta wa kuwauzia zao. Masaki na Oysterbay, nyumba zilizozoea mpangaji wa dola zikabaki na mlinzi na paka. Huku kwetu bango la "inauzwa" lilikaa ukutani mpaka namba ya simu ikafutika kwa jua.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba soko likilala, bei siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni: nani ana muda? Anayeuza ana muda? Anayenunua ana muda? Benki imekupa muda gani? Mwenye muda ndiye anayeamua bei, mwingine yeyote anasaini.

Turudi kwa mzee wa Segerea. Alipomaliza kunikaribisha akaingia chumbani, akatoka na daftari. Jalada gumu, kurasa mia mbili, kona zimeliwa na panya. Ukurasa wa kwanza: tarehe 3 Machi 2006, mawe tripu nne. Chini yake: chai ya mafundi, shilingi 1,500. Ukurasa wa kumi na kitu: nondo za milimita 12, vipande 30. Kuna ukurasa umeandikwa neno moja, "Nimeibiwa," na chini yake idadi ya mifuko ya simenti. Miaka tisa ya maisha ya mtu. Jumla aliipigia mstari mara mbili: milioni 164. Kwa hiyo, akaniambia, bei yangu ni milioni 180, nipate na mimi kidogo.

Nilimthaminia milioni 118.

Alinyamaza. Akaniuliza, "Kijana, chai ya mafundi umeihesabu?"

Wanachama wenzangu, mnunuzi hainunui chai ya mafundi. Mnunuzi hajui kwamba uliibiwa simenti. Mnunuzi anaona vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, jipsamu imepasuka pale koridoni, gari dogo linafika mpaka getini kiangazi lakini masika halifiki. Hicho ndicho anachonunua. Gharama ni ya kwako. Bei ni ya kwake. Narudia kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokwama: gharama ni ya kwako, bei ni ya kwake.

Na bei utaijuaje? Siyo kwa kusoma mabango. Bango ni ombi. Bei ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauziano uliokwisha sainiwa. Nenda kwa anayeshuhudia mikataba hiyo: wakili wa mtaani kwenu, ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza kwa adabu, nyumba tatu zilizouzwa miezi sita iliyopita zilitoka kwa ngapi? Usiulize walitaka ngapi. Walipokea ngapi?

Jambo la pili alilokosea mzee ni madalali. Aliwapa kazi madalali kumi na moja. Akawaambia yeye anataka 180, na wao waweke cha juu wanachoweza, yaani nyongeza yao wenyewe juu ya bei yake. Soko la moto linavumilia cha juu. Soko lililolala halivumilii. Nyumba moja ikawa inatangazwa kwa 190, kwa 205, na dalali mmoja mwenye moyo mkubwa aliiweka 230. Mteja akipigiwa simu na watatu kuhusu nyumba ileile kwa bei tatu, anafikiri nini? Anafikiri hapa kuna utapeli. Na ukutani pameandikwa ogopa matapeli!

La tatu, alishusha bei kwa matone. Kutoka 180 akaja 175. Miezi miwili, 170. Mwezi mmoja, 165. Madalali wanajuana, wanaambiana kijiweni, "yule mzee anakaribia kuiva, msubirini." Ukiwa lazima ushuke, shuka mara moja mpaka pale penye bei ya kweli, halafu simama. Ukishuka kidogo kidogo unamfundisha mnunuzi kusubiri.

Mwaka 2016 mzee alikuwa amepewa milioni 125 taslimu na mfanyabiashara wa Tandika. Aliona ametukanwa. Nyumba ilitoka 2019, kwa milioni 96.

Lakini lile daftari msilidharau. Kuna mtu mmoja analiheshimu: TRA, Mamlaka ya Mapato. Ukiuza nyumba, mkaazi wa Tanzania anadaiwa asilimia 10 ya faida, ile kodi ya ongezeko la mtaji. Faida maana yake bei ya kuuza ukitoa ulizotumia kuipata na kuiendeleza. Bila kumbukumbu utasemaje kwamba umeuza kwa hasara? Mzee alikuwa na risiti nyingi ndani ya daftari, zimebandikwa kwa gundi ya unga. Ndiyo hiyo ngano iliyovutia panya. Tuliziokoa. Kwa hiyo ninyi mnaojenga sasa hivi, kila risiti ya bati na ya nondo itunzeni, tena mbali na panya.

Niseme na langu, msije mkafikiri mthamini ana macho ya ajabu. Nilikuwa na nyumba ndogo Kigamboni. Aprili 2016 daraja likafunguliwa, nikajiambia, daraja limekuja, bei inapaa, kaa chini utulie. Nikakataa milioni 70. Mke wangu akasema chukua. Nikamwambia, mama watoto, mimi ndiye mthamini hapa. Niliuza 2018 kwa milioni 52. Nyumbani kwangu mpaka leo nikianza kutoa ushauri wa bei, naulizwa habari za daraja.

Sasa nije kwenye deni, na hapa naomba tukae kidogo.

Kuna watu wawili waliokuwa na maduka Kariakoo, milango imetazamana. Wote wanawake, wote walikopa benki kwa kuweka rehani nyumba, wote biashara ikayumba 2017. Mmoja ana nyumba Kitunda, mwingine Ukonga. Wa Ukonga alianza kwa kubadilisha laini ya simu. Afisa mikopo akipiga, haipatikani. Akija dukani, "bosi amesafiri." Barua ikaletwa nyumbani, akaipokea, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nauliza: barua isiyofunguliwa inaacha kuhesabu siku?

Haiachi. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, inampa mkopaji notisi ya siku 60 kabla benki haijaanza kutumia haki yake ya kuuza. Siku 60 ni muda. Ni mali. Yeye aliziweka juu ya kabati.

Wa Kitunda alifanya kinyume, na nilikuwa naye. Alipokosa rejesho la kwanza, la kwanza tu, alikwenda benki na kuomba meneja. Deni lilikuwa limebaki milioni 47. Akasema, biashara imekufa, sitaki kuwadanganya, nataka kuuza nyumba mwenyewe, nipeni miezi minne. Benki zina mioyo migumu lakini zina hesabu: nyumba iliyouzwa na mwenyewe inaleta fedha nyingi kuliko ya mnada, na kesi hakuna. Wakampa barua inayosema deni ni kiasi gani na kwamba likilipwa, hati itaachiwa. Barua ile ikawa ndiyo silaha yake ya kuuzia. Mnunuzi hakuhitaji kumwamini mtu; alilipa 47 moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, kilichobaki kwa mama, mbele ya wakili, na hati ikatoka benki.

Nyumba ile wakati wa neema ingefika milioni 130. Aliuza 105. Toa 47, akabaki na 58. Akanunua kiwanja Chanika, akajenga vyumba viwili na sebule, na mtaji mdogo ukabaki. Leo ana genge la vyombo vya plastiki.

Yule wa Ukonga, deni lake lilikuwa karibu sawa. Miezi minane ya kujificha kwa riba ya asilimia 18 ni kama milioni 5 na nusu juu, bado adhabu, bado gharama za dalali wa mnada. Siku ya mnada, Jumamosi saa nne asubuhi, kipaza sauti juu ya gari, majirani wamesimama vibarazani wanaangalia pembeni kwa aibu. Nyumba yenye thamani kama ileile ikaondoka kwa 82. Aliondoka na kitu kama milioni 25. Tofauti ya 58 na 25, mnaona imetoka wapi? Siyo kwenye soko. Soko lilikuwa moja, mtaa wa pili tu.

Ninyi mlio na mkopo, jueni mambo mawili ya sheria, wala hamhitaji kuwa mawakili. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako. Benki ikipokea rehani bila ridhaa hiyo, imejitafutia matatizo. Na benki inapouza, ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya nyumba za aina hiyo sokoni, sheria inaanza kwa kudhani kwamba wajibu huo haukutimizwa, na ni juu yao kujieleza. Soma vizuri: chini ya bei ya sokoni sasa hivi. Siyo chini ya bei iliyoko kwenye daftari lako.

Kinababa, na nyinyi nina neno. Nimeona nyumba ngapi mke anajua habari za mkopo siku ya kipaza sauti? Mwambieni mapema. Mara nyingi ana dada yake ana kaka ana rafiki anatafuta nyumba.

Haya, twende Dodoma. Hapa nipite kwenye hali ngumu kuliko zote: mtu anayeuza huku ili anunue kule.

Watumishi walihamishwa. Waziri Mkuu alitangulia mwishoni mwa Septemba 2016, wizara zikafuata. Bwana na bibi mmoja, wote watumishi, walikuwa na nyumba Mbezi. Walitaka milioni 150, wapate ya kununua kiwanja Dodoma na kujenga. Mteja akaja na 120, mapema 2017. Wakakataa. Wakasema hatuuzi kwa hasara.

Sasa tuhesabu pamoja. Wakati huo kiwanja walichokuwa wanakiangalia upande wa Nzuguni kilikuwa milioni 8. Wao wanasubiri Dar ipande. Lakini nani alikuwa anaishusha Dar? Si ni kuhama kulekule? Na kuhama kulekule ndiko kulikokuwa kunaipandisha Dodoma. Ulikuwa ni upepo mmoja, unazima moto huku unauwasha kule. Kila mwezi waliosubiri walipoteza mara mbili. Wakapanga Dodoma kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi 30, hiyo ni milioni 7 na nusu. Nyumba ya Mbezi ikakaa tupu. Vibaka wakavuta nyaya za umeme darini. Mchwa wakala fremu za milango. Mwanzoni mwa 2020 wakauza kwa milioni 95, na kiwanja cha Nzuguni kilikuwa kimefika 20.

Ningekuwa mimi? Ningeuza kwa 120 siku ileile. Au ningepangisha Mbezi hata kwa kodi ya chini, mpangaji alipe mwezi kwa mwezi kama hana miezi sita, ili mradi nyumba isilale giza. Lakini kukaa katikati, huuzi, hupangishi, unasubiri, hiyo ndiyo chokaa nyepesi ya ukutani.

Ila soko likilala kila mahali kwa pamoja hesabu ni nyingine. Unauza Tabata ununue Goba, kote kumeshuka. Ukiuza kwa 80 badala ya 100, na ile ya Goba unaipata kwa 120 badala ya 150, umepoteza 20 huku umeokoa 30 kule. Umefaidi. Watu wanalilia ile 20 mpaka hawaioni 30. Wanaohamia nyumba kubwa zaidi, soko lililolala ndiyo wakati wenu. Kwa wanaohamia ndogo ni kinyume chake, na hao nawaambia wasifanye haraka kama hakuna deni linalowasukuma.

Wenye fedha taslimu, sasa zamu yenu. Naona mmejikunja pale nyuma mnatabasamu.

Mnafikiri soko likilala kazi yenu ni kupiga bei chini. Hapana. Bei itashuka yenyewe. Kazi yenu ni kuuliza kwa nini inashuka. Kijana mmoja, mwanachama wetu, namwona, sitamtaja, aliletewa nyumba ya vyumba vinne Kitunda kwa milioni 45. Jirani zake zilikuwa 80 na zaidi. Muuzaji anasema ana mgonjwa India, anahitaji fedha ndani ya siku tatu. Kijana akaja kwangu mbio. Nikamwambia, kabla hujanilipa mimi, nenda pale mtaani mchana wa siku ya kazi, peke yako, bila dalali, ukanunue mihogo.

Akaenda. Karibu na nyumba kuna mama anakaanga mihogo chini ya mwembe. Kijana akala mihogo ya shilingi 500, akauliza habari za mtaa, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, mvua ikinyesha inakuwaje. Mwishoni akasema, ile nyumba ya geti la bluu nasikia inauzwa. Mama akageuza mihogo kwanza. Akasema, "Ya marehemu ile? Unaongea na yule mdogo au na wenzake?"

Nyumba ya mirathi. Watoto watano, hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, mdogo wao anauza peke yake. Mihogo ya mia tano imeokoa milioni 45.

Mnacho kitu ambacho mnunuzi wa soko la moto hana. Mna muda. Utumieni! Fanyeni upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati muone jina la nani limeandikwa na kama kuna rehani. Kama ni leseni ya makazi, siyo hati miliki, jueni ni kitu tofauti, ina miaka yake michache na inahuishwa. Ulizeni kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini, bili ya maji imesimama wapi. Mwoneni mke au mume wa muuzaji kwa macho yenu, asaini.

Na subirini masika. Nasema kweli. Soko la moto lingewaruhusu kusubiri Aprili? Hili linawaruhusu. Nendeni siku mvua imenyesha usiku kucha, tazameni alama ya maji ukutani iko usawa wa goti au usawa wa dirisha. Ninyi wa Tabata bonde la Msimbazi hamhitaji kuelezwa. Mwisho wa 2015 mliziona zile X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye nyumba za mabondeni. Na 2017 barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande, zilivunjwa, nyingine za ghorofa. Kuna walionunua pale kwa bei nzuri sana. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya barabara, halafu nenda TANROADS, wakala wa barabara, ukaulize.

Mapagale, zile nyumba ambazo hazijamalizika, nayapitia haraka. Pagale la milioni 20 linavutia, lakini kuezeka, plasta, madirisha, umeme, maji na choo mara nyingi vinakula zaidi ya kile kilichokwisha kujengwa. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji.

Na mkikubaliana bei, kuweni na utu. Soko ni la kwako leo, ndiyo. Lakini ukimkamua mtu mpaka tone la mwisho, atasaini leo na kesho atakwenda mahakamani kusema alilazimishwa, au ndugu zake wataenda. Yule mfanyabiashara wa Tandika niliyemtaja, baadaye alinunua nyumba ya mtu mwingine, mtaa wa pili tu na ilipokuwa ya mzee wa Segerea. Akamwachia muuzaji akae mwezi mmoja zaidi bure mpaka watoto wamalize mitihani. Yeye ndiye aliyenunua kwa bei ya chini kuliko wote mtaani, na hakuna aliyemnung'unikia.

Mzee wa Segerea niliwahi kupita kwake baadaye, Kibaha, kwenye nyumba ndogo aliyohamia. Ukuta mpya, mweupe, haujaandikwa kitu. Nikamtania, mzee, huandiki hata "haiuzwi"? Akacheka, akaingia ndani, akatoka na daftari. Jipya hili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa mawe, tripu mbili. Chini yake, chai ya mafundi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona mama lishe wameanza kufunua masufuria, na mimi pilau silishindi. Maswali ya bei na ya viwanja tutayaongea tukiwa tunakula. Ila mwenye barua ya benki, hata kama hajaifungua, hasa kama hajaifungua, nipo pale mezani kwa mhazini. Aje sasa hivi, kabla ya pilau.

Ahsanteni sana.